Mbwa mwitu, nyangumi na gridi ya umeme: makala nyingi, jaribio lile lile

Ingia kwenye hifadhi yoyote ya makala za uhandisi wa umeme, tafuta "udhibiti wa masafa", kisha ongeza jina la mnyama. Mbwa mwitu wa kijivu yupo. Nyangumi yupo. Popo, nondo, panzi na kimulimuli wote wapo. Ukizifungua makala hizo utaona zinafanana kama mapacha: tumechukua gridi ya maeneo mawili, tumeipa kidhibiti cha PID, tumetafuta namba za kidhibiti hicho kwa algoriti iliyomwiga mnyama fulani, na tazama, mchoro wetu unatulia haraka kuliko wa mnyama aliyetangulia. Mwisho. Miezi michache baadaye anakuja mnyama mwingine, naye anashinda.

Makala hii ni ukosoaji wa aina hiyo ya utafiti. Simlengi mtu mmoja, kwa sababu hili ni tabia ya kundi zima. Inatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja: ni mada rahisi kupewa, haihitaji maabara, na ndani ya miezi michache una michoro ya kujaza tasnifu. Hoja yangu ni hii: shida kubwa si mnyama. Shida ni mtihani wenyewe. Umekuwa mwepesi kiasi kwamba kila anayeufanya anafaulu, na mtihani ambao kila mtu anafaulu haumpimi yeyote.

Twende polepole, ili hata kama hujasoma uhandisi uone tatizo liko wapi.

Masafa ni kitu gani, na kwa nini yadhibitiwe?

Umeme wa kwetu unazunguka mara 50 kwa sekunde. Hizo ndizo hezi 50 zilizoandikwa nyuma ya friji na pasi yako. Namba hiyo inatoka kwenye mitambo mikubwa inayozunguka kule bwawani, kwenye kisima cha mvuke au kwenye kituo cha gesi, na mitambo yote iliyofungwa kwenye gridi moja inazunguka kwa mwendo unaokwenda pamoja.

Fikiria baiskeli yenye magunia mawili nyuma. Uko tambarare, mwendo umetulia. Ghafla kinaanza kilima. Usipokanyaga zaidi, baiskeli inapunguza mwendo. Gridi nayo iko hivyo hivyo. Watu wakiwasha majiko saa moja usiku, au mtambo mmoja ukizimika, mzigo unazidi nguvu inayoingia, na mitambo iliyobaki inaanza kuzunguka polepole. Masafa yanashuka. Yakishuka sana, vifaa vya ulinzi vinakata wateja ili kuokoa kinachobaki, na visipowahi, gridi nzima inaanguka.

Kuna ngazi mbili za kuzuia hilo. Ya kwanza ni gavana (si yule wa kaunti). Huyu ni kifaa kilichoko kwenye mtambo wenyewe: kikiona mwendo umeshuka, kinafungua mlango wa maji au wa mvuke. Kinafanya kazi ndani ya sekunde chache, lakini hakirudishi masafa kwenye 50 kamili. Kinayasimamisha chini kidogo tu. Ya pili ni udhibiti wa kituo kikuu: kompyuta inapima kosa lililobaki, inaangalia pia umeme unaovuka mpaka kwenda kwa majirani, kisha inatuma amri kwa mitambo michache iongeze au ipunguze. Makala za wanyama zinashughulikia ngazi hii ya pili.

Mfumo wa mwaka 1970

Karibu makala zote hizo zinatumia gridi ya mfano inayotokana na kazi ya Olle Elgerd na Charles Fosha iliyochapishwa mwaka 1970. Ni maeneo mawili yaliyounganishwa kwa njia moja ya umeme. Kila eneo limefupishwa kuwa vipande vitatu: gavana inayoitikia kwa sehemu ya nane ya mia ya sekunde, turbini ya mvuke inayoitikia kwa sehemu ya tatu ya kumi ya sekunde, na uzito wa mitambo yote inayozunguka. Basi.

Kwa wakati wake ilikuwa kazi nzuri sana. Nadharia ya udhibiti bora ilikuwa imekomaa kwenye roketi na vyombo vya anga, na waandishi walitaka kuona ingesema nini juu ya umeme. Mfumo mdogo ulihitajika ili hesabu iweze kufanyika na kueleweka. Mtu anayejenga nyumba kwanza huchora kwenye karatasi, hilo halina ubaya. Ubaya ni pale miaka zaidi ya hamsini inapita na bado tunashindana nani ana mchoro safi zaidi, huku hakuna aliyeenda kuangalia kiwanja.

Hebu tuone mtihani wenyewe unavyokwenda. Mzigo unaongezeka kwa asilimia 1. Unapima masafa yanayumba kiasi gani na yanatulia baada ya sekunde ngapi. Unajumlisha makosa yote kuwa namba moja. Mwenye namba ndogo kashinda.

Kasoro ya kwanza: asilimia moja

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja MW 235. Mtambo wa kwanza ulipoanza kufanya kazi mwaka 2024, mahitaji ya juu kabisa ya umeme Tanzania nzima yalikuwa chini ya MW 2,000. Piga hesabu mwenyewe: mtambo mmoja ukizimika wakati unazalisha kwa uwezo wake wote, unapoteza zaidi ya asilimia 11 kwa mpigo. Kenya nayo ina shamba la upepo la Ziwa Turkana, MW 310 mahali pamoja, kwenye gridi ambayo si kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali.

Tuchukue uzito ule ule wa mitambo uliomo kwenye mfumo wa 1970, tuuhamishie kwenye gridi ya hezi 50. Kwa mtikisiko wa asilimia 1, masafa yanaanza kushuka kwa hezi 0.05 kila sekunde. Hakuna anayeshtuka. Kwa mtikisiko wa MW 235 kati ya 2,000, yanaanza kushuka kwa karibu hezi 0.6 kila sekunde. Hapo kila sekunde ina bei.

Mtu atasema: basi niongeze mtikisiko kwenye kompyuta, niweke asilimia 12. Sawa, fanya. Utaona kitu cha ajabu: mchoro ni ule ule, umekuzwa tu mara kumi na mbili. Mfumo huu ni wa mstari ulionyooka, yaani ukizidisha kinachoingia, kinachotoka kinazidishwa vivyo hivyo, na umbo halibadiliki. Mshindi wa asilimia 1 ndiye mshindi wa asilimia 12. Gridi halisi haiko hivyo hata kidogo. Mtikisiko mdogo na mtikisiko mkubwa ni wanyama wawili tofauti, kwa sababu ule mkubwa unagonga kuta: mlango wa maji umefunguka mpaka mwisho, mvuke hauwezi kuongezwa kwa kasi zaidi, akiba imeisha. Mfumo wa makala hizi hauna kuta.

Kasoro ya pili: turbini isiyo na mwili

Kuta hizo si jambo dogo la kuongeza mwishoni, na mfano mzuri uko kwenye umeme wa maji, ambao kwetu Afrika Mashariki ni sehemu kubwa ya umeme wote.

Kwenye turbini ya maji, ukifungua mlango ghafla ili upate nguvu zaidi, kwa muda mfupi nguvu inapungua kwanza. Ndiyo, inapungua. Safu ya maji kwenye bomba ni nzito na haiwezi kuongeza mwendo papo hapo. Mlango umepanuka lakini maji bado yanakuja kwa mwendo wa zamani, hivyo msukumo mlangoni unashuka. Ni baada ya sekunde moja au mbili ndipo maji yanashika kasi na nguvu inapanda. Yaani kidhibiti kinasema "ongeza" na mtambo kwanza unafanya kinyume.

Sasa fikiria kidhibiti kilichofundishwa kwenye turbini ya mvuke inayoitikia ndani ya sehemu ya tatu ya kumi ya sekunde. Kimejifunza kuwa mkali, kwa sababu kwenye mfumo ule ukali hauna adhabu. Kipeleke kwenye turbini ya maji: kinaamuru, nguvu inashuka, kinaona kosa limekua, kinaamuru kwa nguvu zaidi. Namba zilizoshinda kwenye karatasi zinaweza kuwa ndizo zinazoyumbisha gridi.

Halafu kuna saa. Makala nyingi za aina hii zinajivunia kutuliza masafa ndani ya sekunde mbili, tatu. Lakini udhibiti wa kituo kikuu haukai macho kila nukta. Unapima, unahesabu, unatuma amri, unasubiri zamu ijayo. Kanuni za Amerika Kaskazini zinataka kosa la eneo lihesabiwe angalau kila sekunde 6. Ulaya, akiba inayoendeshwa na udhibiti huu inapewa hadi dakika 5 kufika kiwango chake kamili. Kwa hiyo kidhibiti cha kwenye makala kinamaliza kazi yote kabla kile cha kweli hakijapokea kipimo cha pili. Zawadi inatolewa kwa sifa ambayo haiwezekani kuwepo pale kinapotakiwa kufungwa.

Kasoro ya tatu: mshindi anajulikana kabla ya mechi

Hii ndiyo inayouma zaidi kisayansi, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye kompyuta yako jioni moja.

PID ina namba tatu. Maeneo mawili, namba sita. Kutafuta namba sita nzuri kwenye mfumo mdogo kama huu si kazi ngumu. Njia za kawaida zinazofundishwa mwaka wa tatu zinaifanya. Kabla ya kutafuta, mtafiti anaweka mipaka: kila namba iwe kati ya 0 na 2, tuseme, au kati ya 0 na 10. Sasa, kwenye mfumo usio na kuta, usio na kuchelewa na usio na kelele kwenye vipimo, namba kubwa karibu kila mara zinapunguza kosa. Matokeo yake algoriti inakimbilia kwenye mpaka wa juu na kusimama pale. Aliyeweka mpaka wa 10 atamshinda aliyeweka mpaka wa 2, hata kama amemtafutia namba kwa kurusha kete.

Kisha jedwali la mwisho linakuja: mbwa mwitu wangu kapata kosa dogo kuliko nyangumi wa makala ya fulani. Lakini matokeo ya fulani yamenakiliwa kutoka makala yake, alikotumia mipaka yake mwenyewe na idadi yake mwenyewe ya majaribio. Ni sawa na kulinganisha wakimbiaji wawili, mmoja kakimbia uwanjani na mwingine kateremka mlima, kisha kusifu viatu.

Na mnyama mwenyewe?

Hapa sihitaji kusema mengi, kwa sababu wataalamu wa fani ya utafutaji wenyewe wameshasema. Mwaka 2015 Kenneth Sörensen alichapisha makala kali akieleza kwamba wingi huu wa tamathali unaficha kitu: ukivua ngozi ya mnyama, ndani unakuta mbinu zilizokuwepo tangu zamani zikiwa na majina mapya. Mwaka 2022 Christian Camacho-Villalón, Marco Dorigo na Thomas Stützle waliwachambua sita kwa pamoja, wakiwemo mbwa mwitu wa kijivu, nyangumi, popo na kimulimuli, mstari kwa mstari wa hesabu zao, na wakafika kwenye hitimisho hilo hilo. Dorigo si mtu wa nje anayechukia wanyama. Ndiye aliyeanzisha algoriti ya sisimizi.

Kuna na jambo la kuchekesha. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba algoriti ya mbwa mwitu wa kijivu inafanya vizuri mno pale jibu sahihi linapokuwa kwenye sifuri, na ubora huo unashuka jibu likisogezwa mbali. Majaribio mengi ya kawaida yana jibu kwenye sifuri. Mwindaji hodari, mradi swala afungwe katikati ya uwanja.

Lakini narudia, tusiishie hapo. Ukimwondoa mnyama na kuweka mbinu safi kabisa ya hisabati, mtihani bado ni ule ule, na jibu lake bado halitumiki popote.

Watu wa metali walishapita hapa

Fani nyingine ilikumbwa na ugonjwa unaofanana na huu, ikajitibu. Ni fani ya kuyeyuka na kuganda kwa metali.

Wanaomimina chuma, alumini au shaba kwenye kalibu wana swali gumu: metali inapoganda, kimiminika kilichobaki kinazunguka kwa sababu ya joto, na mzunguko huo unaamua umbo la mpaka kati ya kigumu na kimiminika. Kwenye aloi ni zaidi ya hapo, kwa sababu metali moja inasukumwa nje na kubebwa, hivyo kipande kinatoka na mchanganyiko usiolingana, na pale pasipolingana ndipo panapopasuka baadaye. Ndiyo maana kompyuta inatakiwa kutabiri.

Mwaka 1986 Gau na Viskanta walichapisha jaribio zuri. Waliyeyusha galiamu, metali inayoyeyuka karibu na nyuzi 30, ndani ya kisanduku kinachopashwa joto upande mmoja, wakapima mpaka wa kuyeyuka ulivyosogea. Mwaka 1988 Brent, Voller na Reid waliiga jaribio hilo kwa kompyuta. Waliligawanya eneo kuwa vijichumba 42 kwa 32, wakapata kimiminika kinazunguka kwa duara moja kubwa, na mpaka ukalingana vizuri na wa jaribio. Kila mtu alifurahi. Njia yao, ambayo kwa kweli ni nzuri na inatumika mpaka leo, ikasambaa.

Mwaka uliofuata Dantzig alifanya hesabu ya tatizo la aina hiyo kwa undani zaidi na kuona maduara kadhaa, si moja. Nani kakosea? Mabishano yakaendelea miaka mingi, wengine wakiona duara moja, wengine mengi, na waliopata moja walikuwa na hoja tamu: sisi tunalingana na jaribio! Mwaka 2003 Hannoun na wenzake walifunga mjadala. Walionyesha kwamba kwa milinganyo ile ya pande mbili, ukigawanya vijichumba vidogo vya kutosha, jibu sahihi ni maduara mengi. Duara moja lilitokana na vijichumba kuwa vikubwa mno. Kompyuta ilikuwa inalainisha kila kitu.

Elewa uzito wa jambo hilo. Mchoro uliolingana na jaribio ulikuwa si jibu la milinganyo iliyoandikwa. Ulilingana kwa bahati. Na ulipoondolewa ndipo swali la maana lilipofunguka: kama hesabu sahihi ya pande mbili hailingani na kisanduku halisi chenye pande tatu, ni fizikia gani tumeiacha nje?

Fani ile haikuona aibu. Mwaka 2009 Bellet na wenzake kutoka maabara kadhaa walitoa wito wa wazi kwa kila mwenye programu ya kuiga ugandaji wa aloi: tatizo ni hili, vipimo ni hivi, data ni hizi, kila mtu alete jibu lake tuyaweke pamoja. Hawakutafuta mshindi. Walitaka kujua wapi programu zinakubaliana na wapi zinaachana, na kwa nini.

Linganisha na sisi wa udhibiti. Kule, kulingana na jaribio hakukutosha, watu waliendelea kuhoji miaka kumi na zaidi. Huku hatuna hata jaribio la kulingana nalo. Tunalinganisha uigaji na uigaji, kisha tunatangaza mshindi.

Giza la kweli linaingiaje?

Tarehe 9 Agosti 2019, saa 10:52 jioni, radi ilipiga njia ya umeme kaskazini mwa London. Radi ni kitu cha kawaida. Njia ilijifunga na kurudi kazini ndani ya sekunde chache. Lakini katika muda huo huo shamba la upepo la baharini la Hornsea lilishuka kutoka MW 799 hadi 62, na turbini ya mvuke ya kituo cha Little Barford ikajizima kwa MW 244, kwa sababu vipimo vyake vya mwendo havikukubaliana. Mitambo mingi midogo nayo ikajitoa. Akiba iliyokuwepo ilikuwa MW 1,000 tu. Masafa yakashuka hadi hezi 48.8, na wateja takriban milioni 1.1 wakakatwa.

Hornsea ilianguka kwa nini? Kwa sababu ya kidhibiti, na si kile cha masafa. Ni kile cha volteji: kilipokutana na gridi iliyodhoofika kwa muda kikaanza kuyumba, na mitambo ikajilinda kwa kujizima. Siku iliyofuata programu yake ilibadilishwa. Kisha kuna treni: aina fulani za treni mpya zilijifunga masafa yaliposhuka chini ya 49, na baadhi zikasubiri fundi aje na kompyuta yake kuzifungua, abiria wakiwa ndani. Masafa yalirudi 50 ndani ya dakika tano. Abiria walirudi nyumbani usiku.

Somo la udhibiti pale ni kubwa, lakini hakuna hata chembe yake inayoweza kuonekana kwenye mfumo wa maeneo mawili. Mfumo ule hauna volteji kabisa. Hauna vifaa vya ulinzi. Hauna mipangilio iliyowekwa na mtu kiwandani ambayo mwendeshaji wa gridi haijui. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilipoingia gizani, uchunguzi ulizungumzia volteji iliyopanda na mitambo iliyojitoa mmoja baada ya mwingine. Tena volteji.

Tuwe waadilifu

Kuna utetezi na unastahili kusikilizwa. Kwanza, mfumo wa 1970 unafundisha vizuri. Mwanafunzi anayeujenga mwenyewe anaelewa gridi kuliko aliyesoma kitabu tu. Nakubali, uendelee kufundishwa. Pili, si kazi zote za udhibiti wa masafa ziko hivi. Wapo wanaoweka kuta, kuchelewa kwa mawasiliano na data za gridi halisi. Kazi yao inafunikwa na kelele, na hilo ni sababu zaidi ya kulalamika.

Utetezi wa tatu ndio mzito: hatuna maabara, hatuna data, na chuo kinataka makala ili nihitimu. Hili ni kweli kwa wengi wetu. Ila angalia: karibu kila kasoro niliyotaja inaweza kurekebishwa bure. Kuweka kikomo kwenye mlango wa maji ni mstari mmoja wa programu. Kumfanya kidhibiti apime kila sekunde 4 badala ya kila wakati ni mstari mwingine. Kubadilisha turbini ya mvuke kuwa ya maji ni mlinganyo mfupi uliomo kwenye vitabu vyote vya fani hii. Kinachokosekana ni ujasiri, maana ukifanya hivyo mchoro wako utakuwa mbaya. Utayumba. Utachukua dakika kutulia. Na hautamshinda mtu.

Lakini utakuwa umejua kitu. Tuna njia mpya ya kV 400 inayounganisha Kenya na Tanzania kutoka Isinya hadi Singida. Mtambo wa Rufiji ukizimika, ni megawati ngapi zitavuka mpaka katika sekunde kumi za kwanza, na nani anapaswa kushika akiba? Hilo nalo ni swali la maeneo mawili! Maeneo mawili ya kweli, yenye majina, yenye watu wanaolipia umeme. Elgerd na Fosha wangelifurahia.

Ukikutana na makala ya aina hii

Iwe unaisoma, unaipitia au umeambiwa uandike ya kwako, uliza haya:

1. Mtambo umewekewa kikomo cha nguvu na cha kasi ya kupanda? Kama hakuna, ukubwa wa mtikisiko hauna maana.
2. Kidhibiti kinapima kila baada ya muda gani, na amri inachelewa kiasi gani?
3. Namba zilizopatikana ziko ndani ya mipaka, au zimegota kwenye mpaka? Zikigota, aliyeamua ni aliyeweka mpaka.
4. Mbinu shindani zimeendeshwa upya kwa masharti sawa, au zimenakiliwa?
5. Ipo mbinu ya kawaida, isiyo na mnyama, kwenye jedwali?
6. Uzito wa mitambo au idadi yake ikibadilika, kidhibiti kinabaki imara? Gridi ya saa nane usiku si ya saa moja jioni.
7. Programu imewekwa wazi ili mtu mwingine aiendeshe?

Makala ikijibu hata manne kati ya hayo vizuri, isome kwa makini, hata kama jina lake lina nyangumi. Isipojibu hata moja, funga, nenda kachukue mfumo ule ule wa maeneo mawili, uuwekee kikomo kimoja tu, kisha uone ni mnyama gani anabaki amesimama.